Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliokaa na Kondo la Nyuma

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Mwaka huu siwasomei shughuli moja moja maana katibu ameshawatumia orodha nzima, na kusema ukweli ukiipitia ile orodha utaona tumezunguka weee lakini tunarudi palepale, kwenye kondo la nyuma, hata siku zile tulizodhani tunaongelea kitu kingine kabisa.

Mkutano mkuu uliopita tulipopanga kuanza na kondo kuna wenzetu walinuna, eti kwanini tusianze na mtoto mwenyewe, kondo si linatupwa tu. Na kweli linatupwa. Mimba ikitimia linakuwa na nusu kilo hivi na upana wa kama sentimita 22, mkunga analigeuza kuangalia kama limetoka lote, basi, habari yake imeisha. Wakati ndo hilohilo lilikuwa mapafu ya mtoto, figo zake, utumbo wake na kiwanda cha homoni juu yake. Wamarekani kupitia NICHD, taasisi yao ya utafiti wa afya ya mtoto, walianzisha mradi maalum wa kondo la binadamu mwaka 2014, hoja yao ikiwa kwamba hiki ndo kiungo kinachoeleweka kidogo kuliko vyote, tena wakataka kichunguzwe kikiwa bado kinafanya kazi tumboni na sio kusubiri mpaka kitoke.

Sasa mada iliyonikaa mimi ni ya wiki za mwanzo, na hapa mnivumilie nitaongea kidogo. Watu wengi wanaamini mimba ikishika tu damu ya mama inaanza kumlisha mtoto. Haiko hivyo. Kazi za watafiti kina Graham Burton wa Cambridge na Eric Jauniaux wa London zinaonyesha kwamba karibu wiki 10 za kwanza seli za kondo zinaziba midomo ya mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi, damu haipiti ya maana, na kiinitete kinakula majimaji yanayotolewa na tezi za mfuko wenyewe. Oksijeni inakuwa ndogo, na hiyo ndogo ndo inayotakiwa maana viungo vinaundwa na oksijeni nyingi wakati ule ni sumu. Kufikia kama wiki ya 12 vizibo vinaachia na damu inaingia. Huku nyuma seli nyingine za kondo zimeshaingia ndani ya ile mishipa iliyojisokota, zimebomoa kuta zake na kuipanua mdomo kama faneli, ili mwisho wa mimba ipite damu ya nusu lita na zaidi kila dakika bila kusukumana.

Kazi hiyo ikifanyika nusunusu, damu inaingia kwa kasi na inaumiza kondo, kondo lililoumia linamwaga vitu kwenye damu ya mama, na baada ya wiki ya 20 ndo tunaanza kuona presha, protini kwenye mkojo, na ikizidi kifafa cha mimba. Yaani tunachokipima kliniki mwezi wa sita au wa saba kilishaanza kuharibika mama akiwa bado anajiuliza kama ana mimba au hana.

Ndo maana ule utafiti wa aspirini tuliubishania mpaka watu wakaanza kuongea kwa pamoja. Unaitwa ASPRE, ulitoka 2017, akina mama waliopimwa wakaonekana wako kwenye hatari kubwa walipewa miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14 na kuendelea hadi ya 36, na ile presha ya mimba inayolazimisha kujifungua kabla ya wiki 37 ikashuka kutoka asilimia 4.3 kwenda 1.6. Kuna waliotaka chama kitoe tangazo kila mjamzito ameze. Kamati ilikataa na mimi nasimama na kamati, kwa sababu walichaguliwa kwa vipimo, na kwa presha inayokuja mimba ikishatimia hakukuwa na tofauti ya kueleweka. Dawa ni ya kuandikiwa, hatuwezi kuitangaza kama peremende.

Mengine nayapitia haraka. Kipimo cha DNA ya mtoto kwenye damu ya mama, kile cha kuangalia kasoro za kromosomu, alichokifungulia njia mtafiti Dennis Lo mwaka 1997: ile DNA kwa sehemu kubwa ni ya kondo, na ndo maana mara nyingine majibu hayalingani na mtoto. Kutapika kwa wajawazito nako, utafiti wa 2023 uliitaja homoni ya GDF15, na inakotoka zaidi ni, mmeshajua. Wanamaabara walifurahia zaidi ile kesi ya bakteria, 2014 ilidaiwa kondo lina bakteria wake, 2019 wakachunguzwa makondo 537 ikaonekana karibu wote ni uchafu wa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, na wa wakati wa kujifungua, akabaki mmoja tu wa maana, yule wa streptokoka kundi B, kwenye kama asilimia 5. Somo la vijikondo vya maabara, yaani vishada vidogo vya seli za kondo vilivyooteshwa 2018, halikueleweka vizuri, mtoa mada alikimbia mno, tutalirudia.

Mahesabu atayasoma mweka hazina, mimi nasema tu kwamba ada zinachelewa na mnajijua.

Pendekezo langu kwa mwaka ujao ni moja na naomba mlipigie kura. Masomo yetu mengi kwa wajawazito tunayapanga kwa wenye tumbo linaloonekana, tuyahamishie kwa wanawake wanaotarajia kubeba mimba na walio kwenye wiki za mwanzo, ili aliyewahi kupata presha ya mimba au mwenye kisukari, figo au presha ya kudumu afike kliniki kabla ya wiki ya 12 na aulize habari ya aspirini mapema. Najua itatupunguzia wasikilizaji, maana wiki hizo wengi wanaficha, kwahiyo mwenye wazo la jinsi ya kuwafikia alilete kwa maandishi.

Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, majina yamfikie katibu kabla ya mkutano, na safari hii jamani msimpendekeze mtu bila kumuuliza.