Risala ya Umoja wa Wenye Migahawa Midogo, Unguja, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, masheha wetu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana, Assalaamu alaykum.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nzito ukaja kukaa nasi. Wewe ni mgeni rasmi wa tatu kusomewa risala na umoja huu, na tuna imani kubwa nawe.

Umoja ulianza kwa kuchangiana barafu na mkaa, pale waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika Disemba 2009 na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno: tuna akaunti ya benki, tuna viti vya kuazimana, na wapishi wetu wawili wana vyeti. Hata UVIKO ya 2020 haikutuvunja.

Mheshimiwa, sasa tuingie kwenye ombi letu.

Mgahawa wa kisiwani hula kwa msimu. Juni hadi Oktoba, na tena Disemba hadi Februari, meza hujaa. Masika yakiingia, hoteli nyingi za pwani hufunga. Miaka hii Ramadhani nayo imesogea mlangoni mwa masika. Kufunga migahawa mchana mwezi ule hatulalamikii, ni ibada na heshima ya nchi yetu. Lakini mwenye nyumba anataka kodi yake. Mbatata na vitunguu vinavuka bahari kutoka Bara, na bahari ikichafuka bei hupanda siku hiyo hiyo.

Aprili iliyopita mwanachama wetu mmoja wa Mji Mkongwe alishinda na sufuria ya pweza wa nazi tangu asubuhi hadi isha. Aliuza sahani tatu, iliyobaki akagawia majirani. Wiki ile ile aliletewa ankara tatu: leseni, ukaguzi wa afya na taka. Akauza friza yake ili alipe. Juni wageni walirudi, naye hana pa kuweka samaki.

Tunaomba malipo haya yagawanywe kwa awamu zinazofuata msimu: Agosti, kisha Januari, na masika kusiwe na ankara. Pia yalipwe kwenye dirisha moja. Hatuombi kusamehewa hata senti. VAT tunaikusanya na kuiwasilisha.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi majibu ndani ya wiki mbili, tukasimama kumpigia makofi. Wa pili alituambia linasubiri saini tu. Barua zetu nne za kukumbushia tumeziambatanisha hapa, kila moja na muhuri wa kupokelewa. Hatukusudii kumvunjia mtu heshima. Ila ahadi tunazo za kutosha. Leo tunaomba tarehe. Tutajie siku na ofisi ya kufuata majibu, katibu wetu ameshika kalamu.

Naomba kuwasilisha.