Chumvi Haikai Wawili Wawili

Tanga, Jumapili jioni

Rafiki yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba Bibi amepata nafuu na kwamba Rehema ameanza kemia kwa hamu. Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani: ikiwa sodiamu huwaka ikikutana na maji, na klorini ni gesi ya sumu, inakuwaje tunavitia vyote viwili kwenye mchuzi kila siku bila kudhurika? Nimeona nimjibu kupitia kwako, tena kwa urefu, kwa sababu jibu nililowapa wanafunzi wangu kwa miaka mingi lilikuwa na kasoro, nami nisingependa alirithi.

Mwambie kwanza kwamba hajakosea juu ya vitu hivyo. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, na maabarani huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa ili isipate unyevu. Klorini ni gesi ya kijani kinachoelekea manjano, nayo ndiyo iliyoachiliwa juu ya askari karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, Aprili 1915. Lakini ndani ya kijiko cha chumvi hakuna metali ile wala gesi ile, kwa kuwa chumvi ni kampaundi, si mchanganyiko. Ukichanganya mchele na choroko, mchele hubaki mchele, ukiwa na ungo na subira utavitenga, na kipimo cha kila kimoja ni hiari yako. Kampaundi haina hiari hiyo: chumvi ya majaruba ya Bagamoyo na ile ya chemchemi za Uvinza, zikishasafishwa, kila gramu 58.5 huwa na gramu 23 za sodiamu na gramu 35.5 za klorini.

Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, yaani vijichembe vyenye chaji hasi, zilizopangwa kwa matabaka kutoka ndani hadi nje: 2, 8 na 1. Klorini inazo 17, yaani 2, 8 na 7. Elektroni ile moja ya nje ya sodiamu huhamia kwa klorini, sodiamu ikabaki na chaji chanya na klorini ikapata chaji hasi, na tangu hapo huitwa ioni. Kwa kuwa tabia ya elementi hutokana zaidi na elektroni zake za nje, sodiamu imekwisha kupoteza kile kilichoifanya igombane na maji, na klorini imekwisha kupata kile ilichokuwa ikikinyang'anya kwa kila inachokigusa, mapafu ya binadamu yakiwemo.

Kasoro yangu ilianzia baada ya hapo. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba sodiamu ni bwana harusi anayetoa mahari, klorini ni bibi harusi anayepokea, na chumvi ndiyo nyumba yao. Darasa hucheka, kengele hulia, na kila mtu hutoka akiamini kwamba ameelewa. Hesabu, hata hivyo, inaikataa ndoa hiyo. Kuiondoa elektroni kwenye sodiamu hugharimu kilojuli 496 za nishati kwa kila moli, yaani kwa kila gramu 23 za sodiamu, na klorini ikiipokea hurudisha 349 tu, kwa hiyo kutoa na kupokea kwenyewe ni hasara tupu. Kinacholipa deni ni mpangilio. Ioni hizo zinapokusanyika kutoka mbali na kujipanga safu kwa safu, hutoa kilojuli zipatazo 787, nazo hazijipangi wawili wawili: kila sodiamu huzungukwa na klorini sita, yaani juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma, na kila klorini nayo huzungukwa na sodiamu sita. Mwambie Rehema auwazie ubao wa drafti uliopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, nyeusi ikikaa juu ya nyeupe kila mara. Katika jengo hilo huwezi kuonyesha klorini ipi ni ya sodiamu ipi, na ile NaCl tunayoiandika kuwa alama ya chumvi ni uwiano tu, sodiamu moja kwa klorini moja, si jozi iliyojitenga.

Wanafizikia William Bragg na mwanawe Lawrence waliuonyesha mpangilio huo kwa eksirei mwaka 1913, lakini hata mwaka 1927 mkemia mzee wa Uingereza, Henry Armstrong, alikuwa bado akilalamika katika jarida la Nature kwamba kuifananisha chumvi na ubao wa sataranji ni jambo linalochukiza akili. Simcheki, kwa maana mimi mwenyewe niliachana na bwana harusi wangu kwa shida.

Sukari ndiyo yenye molekuli halisi, yaani vikundi vya atomu vinavyojitegemea: kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11, zilizoshikana kwa kushirikiana elektroni jozi kwa jozi, muungano ambao vitabu huuita kovalenti. Ndani ya molekuli mshiko ni imara, lakini kati ya molekuli na jirani yake ni dhaifu, ndiyo maana sukari huyeyuka na kugeuka kahawia kabla ya nyuzi 200 za Selsiasi. Chumvi husubiri hadi 801, na kama sufuria yako ni ya alumini, itaitangulia kuyeyuka kwenye 660.

Mpe pia jaribio la kufanya. Achonge penseli mbili pande zote mbili, aziunganishe kwa nyaya na betri nne za tochi zilizofuatana, kisha azitumbukize ncha zake katika maji ya sukari, ambamo mapovu ataona machache mno, pengine asione kabisa. Halafu atumie maji ya chumvi, ambamo ioni zimeachana na ziko huru kutembea. Mapovu ya haidrojeni yatapanda kwenye penseli ya upande hasi, na kwenye ile ya upande chanya atasikia harufu kama ya dawa ya kung'arishia nguo. Hapo afungue dirisha na kuzitoa nyaya mara moja, kwa kuwa hiyo ni klorini iliyonyang'anywa elektroni yake na kurudi kuwa gesi.

Nisalimie Bibi na watoto.

Wako,
Zuhura