Madini ya mpakani: tuafikiane kuhusu maji kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la mikataba ya uchimbaji madini mipakani. Mkanda wa nikeli ulioko Kabanga, hapa kwetu Ngara, unaendelea hadi Musongati nchini Burundi. Mwamba haujui bikoni (nguzo) za mpaka. Kila nchi ikitoa leseni kivyake, mvutano utakuja baadaye, mashimo yakiwa tayari wazi.

Chile na Argentina zilisaini mkataba wa madini mwaka 1997, ukaanza kutumika mwaka 2000. Uliruhusu mgodi mmoja kukaa pande zote mbili za Milima ya Andes, huku wafanyakazi na mitambo wakivuka bila urasimu wa kila siku. Kwa mwekezaji ni raha tupu. Lakini mgodi wa dhahabu wa Pascua-Lama, uliobuniwa chini ya mkataba huo, uligonga mwamba: Septemba 2020 mahakama ya mazingira ya Antofagasta iliamuru upande wa Chile ufungwe kabisa kwa sababu ya madhara ya mazingira. Forodha ilirahisishwa, maji na barafu za milimani havikupata ulinzi wa kutosha.

Kwetu Mto Ruvubu hutoka Burundi, ukapita Ngara na kuingia Mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Kwa hiyo wizara za pande mbili ziunde tume ya pamoja ya kupima maji kabla ya kuzungumzia mrabaha (malipo ya mchimbaji kwa serikali), na vipimo vyake vibandikwe kwenye ofisi za vijiji, kwa Kiswahili na Kirundi.

Mkazi wa Ngara,
Kagera