Viza ya Uingereza haifiki Dublin

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wa Kusini wanaopanga kwenda kutembea Uingereza. Mimi na mume wangu tumeweka akiba ya korosho misimu mitatu tukamwone binti yetu aliyeko Leeds, kisha tuzunguke siku kumi. Wakala mmoja alituandikia ratiba kwa kalamu ya bluu: London, Edinburgh, Belfast, Dublin. Chini yake akaongeza, “Viza moja inatosha.”

Haitoshi! Belfast iko Ireland ya Kaskazini, sehemu ya Uingereza. Dublin ni mji mkuu wa Jamhuri ya Ireland, nchi nyingine kabisa, inayotumia yuro, si pauni. Mtanzania anahitaji viza ya pili. Kinachoponza watu ni kwamba mpaka wa huko hauna geti kama la Mtambaswala, mpakani kwetu na Msumbiji. Basi linapita tu, nawe umeshavunja sheria za watu.

Binti ndiye aliyegundua, ada tumeshalipa. Imeniuma sana. Mawakala wetu, hizi ni fedha za jasho, ulizeni ubalozini kabla ya kuandika.

Dublin tumeiacha. Siku hizo tutabaki London, twende Makumbusho ya Historia ya Asili, ambako kiingilio ni bure. Huko ndiko Waingereza walikopeleka mifupa ya dinosaria waliyochimba Tendaguru, hapa hapa Lindi, kati ya 1924 na 1931. Babu yake mume wangu alikuwa mmoja wa wapagazi walioibeba kichwani hadi pwani.

Mama wa Mtanda,
Lindi