Mkimtaja Zátopek, utajeni na mji wake

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Kila Olimpiki ikikaribia wachambuzi wetu wa riadha lazima wamtaje Emil Zátopek, wanataja dhahabu zake tatu za Helsinki 1952, yaani mita 5,000, mita 10,000 na marathoni ambayo kabla ya hapo hakuwahi kuikimbia maishani, halafu basi, wanahamia kwa mwingine. Mimi naona haitoshi kabisa, huyu mtu ana kwao. Kwao ni Kopřivnice, kamji ka viwanda mashariki mwa Czech, wakazi kama elfu 20 tu.

Mji wenyewe una mambo jamani. Mwaka 1850 fundi Ignác Šustala alianza kuunda magari ya farasi pale, karakana ikakua ikaingia kwenye mabehewa ya treni, na 1897 wakatoa gari la injini, Präsident. Hiyo ndiyo kampuni inayoitwa Tatra leo. Mwaka 1923 injinia wao Hans Ledwinka (yeye ni wa Austria, si mzaliwa, ila huwezi kumruka) akatoa Tatra 11, chesisi yake, yaani fremu inayobeba gari, ni bomba moja nene katikati, propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) inazunguka humohumo ndani, na kila tairi la nyuma linapanda na kushuka kivyake, ndio maana barabara mbovu haziwasumbui sana. Malori ya Tatra bado yanajengwa kwa mtindo huo. Na Tatra 87 ndiyo waliyopanda Wacheki wawili, Hanzelka na Zikmund, mwaka 1947 wakaikata Afrika kutoka kaskazini mpaka kusini.

Mchoraji Zdeněk Burian naye kazaliwa hapo 1905, zile picha za dinosaria na mamothi (tembo wa kale wenye manyoya) tulizoziona vitabuni nyingi ni mkono wake au zimeigwa kwake.

Sasa Zátopek. Aliondoka kwao kijana akafanye kazi kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín, na 1941 akalazimishwa kukimbia mbio za kiwanda, hataki, akashika namba mbili! Mazoezi yake ni mita 400 anarudia na kurudia, wakati mwingine na mabuti ya jeshi mguuni. Lakini ninachoumia hakiandikwi ni 1968, alipopinga wazi majeshi ya Kisovieti kuivamia nchi yake, akafukuzwa kwenye chama cha Kikomunisti na jeshini alikokuwa afisa, shujaa wa taifa akaishia kufanya kazi za sulubu. Kwangu hilo ni kubwa kuliko medali.

Kwa hiyo mhariri, nusu ukurasa tu wa Kopřivnice na watu wake, tafadhali. Zátopek alizaliwa Septemba 19, 1922, na mkewe Dana, aliyechukua dhahabu ya mkuki hukohuko Helsinki, kazaliwa siku hiyohiyo mwaka huohuo, hapo mna pa kuanzia.

Msomaji wenu,
Arusha