YAH: Sili Aliyoivunja Fundi Wenu na Dhamana Mliyonifutia Mimi

Dar es Salaam, 24 Machi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kuhusu tyuna ya antena ya redio ya ridhaa (kifaa kinacholinganisha redio na waya wa antena), ile ya kufungwa nje chini ya waya huo, niliyoinunua kwenu tarehe 11 Februari kwa shilingi 1,180,000. Risiti ya EFD ninayo. Masharti ya dhamana mnayajua kuliko mimi, mliyaandika wenyewe.

Niende moja kwa moja kwenye tarehe 5 Machi. Saa 4:10 asubuhi tyuna, ikiwa imeharibika, iliwekwa kwenye kaunta yenu. Dada wa mapokezi aliigeuza, akaangalia sili, kile kibandiko cha dhamana kwenye mshono wa kifuniko, akaandika kwenye fomu: “Sili ipo, nzima.” Fundi wenu akaja, akaichana sili kwa bisibisi bapa mbele ya wateja wengine watatu, akafungua skrubu sita, akachungulia na kusema, “Mzee, hii imeingia maji.” Kisha, chini ya fomu ileile, akaandika: “Sili imevunjwa na mteja. Dhamana imefutwa.” Nikatozwa shilingi 45,000 za uchunguzi.

Tuanze na hayo maji. Tyuna ilifungwa kwenye nguzo, mita 1.2 kutoka ardhini, matundu ya kebo yakitazama chini. Koaksi, yaani kebo itokayo kwenye redio, iliachiwa kitanzi kinachoning’inia, ili mvua idondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Kiungio kilizungushiwa tepu ya raba inayojishika yenyewe, na juu yake tepu nyeusi ya kukinga jua. Kile kitundu cha milimita 4 kilicho chini ya boksi kiliachwa wazi. Wengi hukiziba kwa silikoni wakidhani wanasaidia. Boksi likipoa usiku huvuta hewa yenye unyevu kupitia penye kebo, na unyevu huo ukishaingia hauna pa kutokea. Bodi ilikuwa kavu. Hapakuwa na doa jeupe la chumvi, wala kutu ya kijani kwenye miguu ya rilei (zile swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme), na huku Kigamboni upepo wa bahari ukipata upenyo hauchelewi kuacha alama hizo.

Mtasema labda umeme haukutosha. Volti 13.8 zinapita kwenye koaksi hiyohiyo kupitia fyuzi ya ampea 2. Mita 30 za RG-58, ndiyo aina ya koaksi yangu, zina ukinzani wa kama omu 1.5, kwenda na kurudi. Rilei zikivuta ampea 0.6 zinapotea volti 0.9, na multimita ilisoma 12.9 penye tyuna. Mtasema haikuungwa ardhini vizuri. Kuna nyaya 12 za mita 5 zilizotandazwa kama miali ya jua, zikaungwa kwenye skrubu ya ardhi kwa kipande cha sentimita 20. Kabla ya kuingia kwenye tyuna, koaksi imezungushwa mara 11 kwenye pete ya feraiti ya FT240-31, ili mawimbi yasirudi ndani kwa kutambaa juu ya ganda la kebo. Mtasema nguvu nyingi. Tyuna ilipokuwa ikitafuta ulinganifu ilipewa wati 10 tu, kwa sababu rilei ikihama huku imebeba wati 100 hutoa cheche, na nyuso zake huungua au hushikana.

Ugonjwa wenyewe ulianza tarehe 2 Machi, siku ya 19 tangu kununuliwa, na hauhitaji mganga. Kwenye megahezi 14 na 21 tyuna ilipata SWR (kipimo cha ulinganifu, 1 ndiyo bora kabisa) ya 1.3 ndani ya sekunde chache. Kwenye megahezi 3.6 ilitatarika mpaka ikakata tamaa kwenye SWR ya 8. Waya wangu ni mita 16.2. Kwa 3.6 huo ni mfupi kuliko robo ya wimbi, ambayo ni karibu mita 19.8, kwa hiyo unajifanya kapasita (kihifadhi chaji) na unadai koili kubwa ili ulingane. Koili kubwa haiingii. Rilei yake imeshikana mahali pa kuiruka. Ni rilei moja! Fundi angeweza kuipima kwa multimita kwa dakika tano, bila kumwita mtu mzima mwongo.

Na kama angekuja na hoja ya urefu wa waya, ningemsikiliza, ingawa kijikaratasi chenu cha maelekezo ndicho kinachopotosha. Kinasema “kata mita 20”. Mita 20 ni nusu ya wimbi kamili kwenye megahezi 7.1, na kwenye 14, 21 na 28 inaangukia nusu mbili, tatu na nne. Penye ncha ya waya wa namna hiyo ukinzani hupanda hadi maelfu ya omu. Wati 100 kwenye omu 3,000 ni volti karibu 550, na kilele chake kinafika 775. Kapasita zilizo kwenye bodi yenu zimeandikwa volti 500. Anayewatii anaunguza tyuna. Mita 16.2 inakwepa bendi zote hizo nne. Inabana kwenye 18 tu, na hilo linavumilika.

Sasa barua yenu ya tarehe 19 Machi. Mnanishauri “safari nyingine” niiweke tyuna ndani, kando ya redio. Ndugu Meneja, aliyeandika hayo anauza kitu asichokijua. Mita 30 za RG-58 kwenye megahezi 28 hula desibeli 2.5 hata mambo yakiwa yamelingana. SWR ya 10 ikibaki kwenye kebo, upotevu unapita desibeli 6: kati ya wati 100, takribani robo tu ndizo zinazofika kwenye waya, na zilizobaki zinapasha kebo moto. Redio itaonyesha SWR ya 1.1 na kila mtu ataridhika, isipokuwa wa kumsikia hayupo. Tyuna ya nje ilibuniwa kwa ajili ya hilo hasa.

Lakini barua hiyo inarudia maneno yale: “sili iliyovunjwa na mteja”. Basi nirudie na mimi, taratibu. Fundi alisimama upande wenu wa kaunta. Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Alipochana sili, kipande chake kilinasa kwenye ncha ya bisibisi. Alikitikisa, kikakataa kutoka, akakipangusa kwenye ukingo wa fomu. Kimeganda hapo hadi leo. Fomu yenu imebeba mwandiko wa dada wa mapokezi unaosema sili ni nzima, mwandiko wa fundi unaosema niliivunja mimi, na sili yenyewe ikiwa imebandikwa katikati yao. Nakala yangu ya kaboni ina miandiko yote miwili, na picha ya fomu halisi niliipiga palepale. Nilipomwonyesha fundi alicheka, akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Tyuna mmenirudishia ikiwa na skrubu nne kati ya sita, na raba ya kifuniko imekunjwa kwenye kona. Nikiirudisha kwenye nguzo masika haya, maji mliyoyazua yataingia kweli.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba rilei moja ibadilishwe. Nimesoma upya nilichoandika na sioni sababu ya kuwaachia tena tyuna hiyo. Nataka shilingi 1,180,000 zangu, nataka 45,000 za uchunguzi, na nataka barua yenye mhuri wa kampuni inayofuta maneno “imevunjwa na mteja”. Nawapa siku 14 kuanzia leo. Siku ya 15 nakala ya fomu, picha na barua hii vitakuwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na kijikaratasi chenu cha mita 20, ili nacho kitazamwe.

Msinipigie simu. Jibuni kwa maandishi.

Mteja wenu,
mwenye fomu ya tarehe 5 Machi, saa 4:10 asubuhi