Kilomita pekee hazitoi muda wa safari ya ndege

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwasihi wanaoandaa kurasa za usafiri waache kukadiria muda wa safari ya ndege kwa kugawanya tu kilomita kwa kasi. Hesabu hiyo inawaponza wasomaji, hasa wanaounganisha ndege.

Umbali unaotajwa kati ya viwanja viwili ni wa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, kwa hiyo haufuati mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani. Tokyo hadi New York ni takriban kilomita 10,800, na njia hiyo hupanda kaskazini hadi Alaska badala ya kukatiza katikati ya Pasifiki. Tena angalieni kipimo. Maili ya baharini, wanayotumia marubani, ni kilomita 1.852, ukiigeuza kama maili ya nchi kavu unapoteza asilimia 13 ya safari.

Kwa makadirio ya kuanzia, gawanya kilomita kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, halafu ongeza dakika 30 hadi 40 za kujongea ardhini, kupaa na kushuka. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama tena.

Hapo ndipo wengi huishia, na ndipo kosa linapoanza. Johannesburg hadi Sydney ni kama kilomita 11,000, na hesabu hiyo inatoa karibu saa 13. Ratiba zenyewe huonyesha kama saa 12 kwenda na saa 14 kurudi. Huko juu huvuma pepo kali kutoka magharibi: anayekwenda mashariki husukumwa, anayerudi hukabiliana nazo. Kuandika muda mmoja kwa pande zote mbili ni kumdanganya msomaji, hata kama kilomita ni zilezile.

Anga nalo hufungwa. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa tisa na nusu hivi kwa kupita juu ya Urusi. Tangu anga hilo lilipofungwa kwa ndege za Finland mwaka 2022, zinazunguka, na safari huchukua karibu saa 13. Viwanja havijasogea hata hatua moja.

Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika, hivyo usizitoe moja kwa moja. Badili zote mbili ziwe saa za UTC kwanza, yaani saa ya pamoja ya dunia ambayo saa za kila mahali hupimwa nayo. Mfano: unaondoka Auckland saa 4 usiku, tarehe 10 Julai. Toa saa 12, ambazo Auckland iko mbele ya UTC. Ni saa 4 asubuhi UTC. Ongeza saa 12 za kuruka, kisha toa saa 7, ambazo Los Angeles iko nyuma ya UTC. Unatua saa 9 alasiri, tarehe 10 ileile. Januari mahesabu hubadilika, kwa kuwa miji yote miwili husogeza saa zake kwa majira.

Basi mnapochapa safari ya mbali, wekeni muda wa kwenda na wa kurudi kutoka kwenye ratiba ya mwezi husika, na muda wa kusubiri kwenye kiwanja cha kati uandikwe peke yake. Mwenye tiketi mbili zilizokatwa kivyake aambiwe wazi kwamba huenda akalazimika kuchukua mizigo yake na kuikabidhi upya kaunta, na kwamba akichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri.

Msomaji wenu